Mtoki Usio na Kidonda

Najma,
Doha, Qatar.
11 Machi 2014

Mpendwa Dada Nyanchama,

Pokea salamu za mdogo wako. Mnaendeleaje hapo Keroka? Mgongo wa Mama umetulia? Mimi ni mzima, ila joto limeanza mapema na hotelini wageni wamejaa.

Nakuandikia juu ya ndugu yetu Cyrus huku Doha, maana nashuku umesikia nusu tu. Tangu Desemba alikuwa akichechemea. Akadai ni mtoki, ule uvimbe wa kinenani, ati buti za kazi yake ya ulinzi zimemchubua mguu. Nikamwambia avue soksi nione. Hakuna hata mkwaruzo. Sasa dada, mtoki bila kidonda ni mtoki gani? Nikawaza yale ambayo hata wewe ungewaza, nikaanza kuulizauliza anatembea na nani. Naye anakonda tu, hadi suruali ikawa inamvuka.

Kumbe siyo. Daktari mmoja Msudani alikata kipande cha ule uvimbe, kikapimwa. Ni kansa ya tezi za limfu, hizi hizi zinazovimba mtu akiwa na kidonda. Nililia chooni kazini. Lakini daktari alisema imekamatwa mapema na inatibika, mradi Cyrus asikatize dripu za dawa kila baada ya wiki mbili.

Ya kwanza ilimwangusha, akatapika mpaka nyongo. Siku ya dripu ya pili ilipofika, alikuja kwangu mchangamfu, akamaliza sahani nzima ya wali. Nikajua huyu hakwenda. Nikashuku kampuni yake inamtisha kumfuta kazi. Nikamshuku hata Philipo, mwenzake wa chumba.

Jana, nikitoa nguo zake nimfulie, nikapata mkebe wa unga mweusi wa mitishamba, umefungwa kitambaa. Kweli kikulacho ki nguoni mwako. Kitambaa kimekatwa kwenye leso niliyokuachia siku nasafiri.

Sijakasirika. Uongo, nimekasirika. Najua ulimwonea huruma. Lakini nikimwambia arudi hospitali ananijibu, "Nyanchama amesema hizo dripu ndizo zinaua watu." Wewe ndiye uliyemlea mgongoni, mimi hanisikii.

Kwa simu ungekana, ndiyo maana nimempa Hannah, mwenzangu wa kazini anayekuja huko likizo, barua hii akuletee mkononi, na kitambaa chenyewe kimo ndani. Kishone mahali pake. Halafu mpigie Cyrus, umwambie kwa mdomo wako arudi. Hospitali wamekubali kumpokea tena Jumapili hii.

Nisalimie shemeji Athanas na mtoto Millicent. Mama msalimie pia, ila usimwambie bado. Mungu awafunike nyote.

Mdogo wako anayekupenda, hata sasa,
Jerusha