Kijana wa Shati Jekundu

Vermont, 4 Machi 1854

Mwanangu Lovina,

Salamu nyingi. Sisi hatujambo, tumeanza kuchemsha utomvu wa miti ya sukari.

Mchuuzi amepita na picha ya meli *Orinda* ikiteketea, ile aliyopanda kaka yako Asahel, ambaye hadi leo hatuna habari zake. Mama yako ameinunua na kuitundika juu ya meko. Katika mashua ya waokoaji yumo kijana mwenye shati jekundu. Mama yako anasema ni Asahel, maana shati kama hilo alimshonea yeye mwenyewe. Jirani yetu Bibi Pruett alimwambia, "Bibi Thankful, wenye mashati mekundu ni wengi." Akajibiwa, "Wenye midomo nao ni wengi, ila wako ndio haufungiki!"

Mchungaji anataka kumwombea Asahel pamoja na marehemu. Mama yako amekataa katakata.

Wewe unafanya kazi kule zinakochapwa picha hizi. Nieleze: mchoraji alisimama wapi? Aliwaonaje watu katika moshi ule?

Baba yako,
Eliphalet

New York, 15 Machi

Baba,

Shikamoo. Mimi mzima, ila vidole havitakati rangi.

Mchoraji hakuwapo. Alisoma gazeti, akachora juu ya jiwe la kuchapia. Picha hutoka jiweni ikiwa na mistari myeusi tupu. Sisi wasichana huketi meza moja tukiipaka, kila mmoja rangi yake. Bridget hupaka bahari, kisha hunisukumia karatasi. Mimi ni nyekundu: moto, bendera na shati moja. Tunafuata picha ya mfano iliyowekwa mbele yetu, iliyokwisha pakwa rangi. Bridget alinitania, "Dada, huyo wako anaokolewa au anakwenda harusini?"

Shati lile nililipaka mimi, Baba, karatasi baada ya karatasi. Bandarini nimeuliza, waliookolewa wote wamekwisha rudi makwao. Mama nimwambieje?

Binti yako,
Lovina

Vermont, 27 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Barua yako nilimsomea mama yako yote, sikuruka neno. Akaniuliza:

"Nani alimwambia Lovina apake nyekundu?"

"Picha ya mfano."

"Na hiyo ya mfano, nani aliipaka?"

Mchungaji nimemwomba asubiri kidogo. Najua ni upuuzi, na nimekwisha mwambia mama yako hivyo. Hata hivyo, mwanangu, uliza ni nani aliyeipaka ile ya mfano, na shati jekundu alilijulia wapi.

Baba yako,
Eliphalet