Ukurasa wa Arobaini na Mbili

Zakaria, rafiki yangu,

Tangu tukuzike, theluji imelifunika kaburi lako mara mbili na kuyeyuka. Meza yetu ya chai baada ya ibada, hapa ugenini Richfield, ipo palepale. Kiti chako hakikaliwi. Mimi ndiye ninayewazuia wanaotaka kukikalia.

Wiki iliyopita binti yako Neema alikuja kutoka Lakeville na tasnifu yako ya Moscow. Anataka nimfasirie, wanawe wajue babu yao alisomea nini. Akafunua katikati. "Anko, mbona kuna peji imeruka? Arobaini na moja, halafu arobaini na tatu." Kirusi hakijui, lakini namba anazijua. Nikamwambia aniachie kitabu. Tangu siku hiyo nakusikia ukikohoa sebuleni kwangu.

Unaikumbuka hoja yako. Wasovieti walikuwa wakitangaza mageuzi ya uchumi: viwanda vijipangie vyenyewe, wananchi wapate sabuni na viatu bila foleni. Wewe ukaandika kwamba chuma bora, mashine bora na wahandisi bora huenda jeshini kwanza, tena kwa hesabu za siri, na mageuzi huachiwa makombo. "Huwezi kumfundisha mpishi mapishi mapya huku unga umefungiwa kwenye ghala la silaha." Hayo yote yalikuwa ukurasa wa arobaini na mbili.

Mimi ndiye niliyekupigia chapa. Mimi ndiye niliyezipeleka nakala kwa mfunga vitabu. Na njiani, Zakaria, niliutoa ukurasa ule katika nakala zote.

Nilijiambia nakulinda, usije ukarudishwa nyumbani bila shahada. Nilikuwa najilinda mimi, maana mpiga chapa naye angeulizwa.

Ukadhani ni mwalimu wetu aliyeutoa, yule mzee wa mkongojo. Siku ya mahafali alikunyooshea mkono, ukampita. Mkono ukabaki hewani. Nilikuwa nyuma yako. Bado nauona, hata nikifumba macho.

Dola ile ikaanguka kama ulivyosema. Kila Jumapili ulikuwa ukigonga meza: "Niliwaonya!" Vijana wakikutania, "Mzee, kumbe wewe ndiye uliyeiangusha Urusi!" Nawe ukijibu, "Muulizeni yule mwoga aliyechana karatasi yangu!" Mimi nakoroga chai isiyo na sukari.

Hata siku zako za mwisho ulimlaani yeye, huku umenishika mimi mkono.

Ukurasa wa nakala ya kwanza uko ndani ya kamusi yangu ya Kirusi. Sikuwahi kuweza kuuchana. Jumamosi nitaupeleka Lakeville, nimsomee Neema neno kwa neno, kisha nimwambie nani aliutoa. Akinifukuza nitaondoka. Ukurasa utabaki kwake.

Kwaheri, ndugu yangu. Ukimwona mwalimu huko uliko, mpe mkono, hana kosa. Nami nikija, ukininyima wako, nitaelewa.