Tulivyomuua Lyangombe

Uvira, Jumamosi

Na mimi nilijiona fundi. Katika mchezo wetu wa dadu, ule wa kutunga safari mezani, nilimfanya Lyangombe, mungu wa wazee wetu, kuwa adui wa mwisho. Leo mchana rafiki zangu Furaha na Amani walimuua, tukapiga makofi.

Mama alisikia, akatoka jikoni.

"Mama yangu walimufukuza mu kanisa juu ya kumuita uyu Lyangombe aniponye siku nilikuwa mugonjwa. Na weye unamuua na kucheka?"

Nikasema ni mchezo tu. Akarudi kwenye sombe yake, mboga ya majani ya muhogo.

Nguvu zote za Lyangombe, hata udhaifu wake, nilizipata kwa Mama. Wiki nzima nilimuuliza, naye akasimulia kwa furaha. Alidhani hatimaye nataka kumjua mama yake.