Kuaga Kabla ya Kuagwa

Jumatatu, 4 Machi

Kwa mshauri nasaha tena. Anataka niisimulie ile siku kana kwamba inatokea sasa. Haya. Nina miaka sita. Mama anafunga mlango kwa nje. Giza linaingia. Kesho yake jirani anauvunja mlango. Mama? Hakurudi tena.

Sauti yangu kavu, kama namtajia mteja bei ya fremu ya miwani. Akauliza mikono yangu inafanya nini. Nikaitazama — imekumbatia mkoba! Tayari kuondoka.

Alhamisi, 14 Machi

Dukani nimekata lenzi mbili vibaya. Bosi kasema akili yangu iko likizo bila ruhusa.

Jioni Mwalimu hakupiga simu. Ni mwaka sasa tangu tuwe pamoja. Dawa yangu naijua: "tuachane tu," kisha nazima simu. Waliomtangulia wote niliwaacha hivyo, kabla hawajaniacha.

Niliandika ujumbe huo. Sikutuma. Sikufuta pia.

Jumamosi, 23 Machi

Usingizi hakuna. Mshauri alinionya: kidonda kikisafishwa, kwanza huuma.

Dada yangu, ninayeishi naye, analalamika namfuata jikoni mpaka msalani. Jana nilikuwa paka mwitu, leo kupe! Sijui afadhali lipi.

Jumatano, 3 Aprili

Nimemweleza Mwalimu habari za mama. Akasogea karibu nami.

"Pole. Sasa mimi nikichelewa, nifanyeje?"

Hakuna aliyewahi kuniuliza hivyo. Nikamwambia anijulishe tu kwamba amechelewa.

"Basi?"

Basi. Tukacheka mpaka kwikwi ikanishika.

Jumapili, 7 Aprili

Niko kwa Mwalimu. Tumegombana.

Ameombwa kuhamia shule ya mji mwingine. Kesho anatakiwa kujibu. Amejua wiki nzima, mimi naambiwa leo! Kasema aliogopa nitamkimbia. Nikasema ningemkimbia kweli. Ameniita mgumu kama jiwe. Nami nimemtolea maneno ambayo sitayaandika.

Kisha nikasikia mdomo wangu unasema: usiende.

Neno hilo sijawahi kumwambia mtu. Nikasubiri aibu inipate. Ilikuja, ndogo kuliko nilivyodhani.

Aliingia jikoni, anaosha vyombo ambavyo vilishaoshwa. Mimi nimekaa chumbani kwake, naandika. Nina hasira naye bado. Akiondoka, nitaumia — na leo sioni sababu ya kumficha hilo.

Nimevua viatu, mkoba nimeuweka chini.

Bomba limefungwa. Anakuja —