Stempu za Barazani kwa Bashiri

Ruangwa,
12 Machi 1950

Mpwa wangu Goreti,

Natumaini barua hii inakukuta mzima, na wagonjwa wako wanapungua badala ya kuongezeka. Sisi huku hatujambo. Mama yako nilimwona Marambo juzi. Ufuta wake umekubali na kifua kimemwachia, ila analalamika kwamba humwandikii. Mwandikie, nitamsomea mwenyewe.

Sasa nina ombi, na usicheke. Nimeanzisha klabu ya stempu kwa watoto wa shule. Ilianza kwa bahati tu. Nilikuwa nasahihisha madaftari, bahasha yako iko mezani, na mtoto mmoja wa darasa la tatu, Zaina, akasimama akaikodolea macho mpaka nikamwuliza anatafuta nini. Akasema, "Mwalimu, huu mlima mweupe uko wapi?" Nikateremsha ramani. Siku hiyo hatukusoma hesabu. Kesho yake wakaja wengine, wanataka kujua yule ndege anaishi wapi na lile daraja limevuka mto gani. Miaka yote hii nimefundisha jiografia bila kuulizwa swali, na sasa naulizwa mpaka njiani.

Tunakutana nyumbani kwangu kila Jumamosi. Taabu yetu ni stempu zenyewe. Ruangwa nzima wanaopata barua ni mimi na Bashiri mwenye duka, na zote zina picha zilezile. Wewe uko hospitali ya Nachingwea, na skimu ya karanga imeleta huko watu wa kila pembe. Naamini bahasha zao zinatupwa. Ziokote. Usibandue stempu kwa kucha, itachanika; kata kipande cha bahasha pamoja na stempu yake, tutaloweka wenyewe.

Usipoleta, nitawatajia watoto jina lako.

Mjomba wako,
Agapiti

*

Nachingwea,
30 Aprili 1950

Shikamoo mjomba,

Mimi mzima, isipokuwa miguu, maana wodi zimejaa na sisi manesi wasaidizi ndio tunaozunguka. Mama nimemwandikia, barua yake iko humu ndani. Msomee yote, usiruke pale ninapoomba korosho.

Nilicheka, samahani. Kisha nikamwendea mgonjwa wetu mmoja, Mwingereza dereva wa trekta aliyevunjika mguu, nikamwomba bahasha zake kwa Kiingereza changu cha wodini, ambacho hakijui zaidi ya kuuliza mtu anaumwa wapi na kumwambia asijitikise. Akadhani namnyang'anya barua za mkewe, akazificha chini ya mto. Ilibidi daktari amfafanulie. Alipoelewa aliomba mkasi wa bandeji, akaanza kuzikata mwenyewe. Kufika jioni alikwishawaambia wenzake wote. Sasa nikiingia napewa bahasha kabla ya salamu. Fundi Mhindi wa reli ameleta za Bara Hindi, mpishi wa kambini kaleta za mabwana zake. Katika furushi hili utakuta Uingereza, Australia, kusini kwa Makaburu, na moja ya Wareno wa ng'ambo ya Ruvuma.

Tena ujue una mshindani. Watoto wa makarani na vibarua wa hapa huzurura nyuma ya hospitali jioni. Niliwaonyesha furushi, wakanikataza nisikutumie zote. Basi nasi tumeanzisha klabu yetu. Tutabadilishana za ziada, lakini watoto wangu wanasema msiwapunje.

Mpwa wako,
Goreti

*

Ruangwa,
20 Agosti 1950

Mpwa wangu,

Mama yako anakusalimu na korosho zinakuja na lori la wiki ijayo. Mwili wangu mzima. Moyo haujatulia, nitakueleza.

Nianze na furaha. Tulipotandaza furushi lako mkekani palikuwa kimya kama kwenye mtihani. Tadeo, ambaye hajawahi kunipa jibu sahihi tangu aanze shule, alichukua ramani mwenyewe akaitafuta Australia mpaka akaipata, akakaa na kidole juu yake asije mtu akaihamisha. Kila mtoto amechagua nchi yake na lazima atuambie jambo moja kuihusu. Zaina amechagua na nchi ambazo hatuna stempu zake. Anasema anazingoja.

Sasa lililobaki. Baba yake Zaina, mzee Kaimu, alinijia shuleni. Ni mtu wa heshima zake, hakupaza sauti. Akasema, "Mwalimu, binti yangu nilimleta asome. Sasa analala na vichwa vya wafalme chini ya mkeka. Na watu wananiambia leo ni picha, kesho itakuwa kanisa." Nilimweleza. Alinisikiliza mpaka mwisho, akanishukuru, na tangu siku ile Zaina haji klabu wala shule. Yuko shambani analinda mihogo isiliwe na nyani. Watoto wengine wa Kiislamu nao wameanza kupungua. Mimi nia yangu unaijua. Nifanyeje?

Mjomba wako,
Agapiti

*

Nachingwea,
10 Septemba 1950

Shikamoo mjomba,

Korosho zimefika, nashukuru, zilikwisha siku ileile. Afya yangu njema.

Mjomba, usiudhike na nitakalosema. Mzee Kaimu hana kosa. Ningekuwa mimi ningeuliza vilevile. Unawaita watoto wa watu nyumbani kwako, hatua chache kutoka kanisani, tena unafunga mlango ili upepo usipeperushe stempu. Nani atajua mnafanya nini? Hamia mahali ambapo kila apitaye ataona. Baraza la duka la Bashiri linatosha, na Bashiri na mzee Kaimu huswali pamoja. Upepo wekea kokoto.

Huku mambo yanageuka. Karanga zimekataa, na watu wanasema skimu itafungwa. Wazungu wanaondoka kila wiki. Yule dereva wa trekta ameondoka na magongo yake, akaja kuniaga na kuniachia kioo cha kukuzia kwa ajili ya watoto. Nakutumia wewe, wangu wana macho mazuri. Mimi kazi ninayo bado, usiwe na wasiwasi. Lakini bahasha zinakwisha, mjomba.

Mpwa wako,
Goreti

*

Ruangwa,
28 Januari 1951

Mpwa wangu mpendwa,

Habari za mwaka mpya? Sisi salama, mvua tunayo, mahindi yamefika magotini.

Shauri lako nililimeza kwa shida, lakini nililimeza. Tulihamia barazani kwa Bashiri. Mwanzoni watu walisimama kutuchungulia, kisha wakakaa, kisha wakaanza kugombania nafasi. Stempu zilipopungua kama ulivyosema, watoto walinuna, na hapo Bashiri akatoa wazo. Akasema nusu ya watu wa hapa wana ndugu waliokwenda mbali, kwenye mkonge, migodini, bandarini, na hawana wa kuwaandikia. Watoto waandike. Jibu likija, barua ni ya mwenyewe na stempu ni ya aliyeandika.

Goreti, siku hizi tunakaa mpaka adhana ya magharibi. Bibi Mwamina alimwagiza Tadeo amwandikie mwanawe aliyeko Lindi, na achanganye na matusi kidogo. Tadeo akaja kuniuliza neno moja linaandikwaje. Nilikataa kumwambia.

Mzee Kaimu naye alianza kuja dukani kununua chumvi, akinunua anakaa mwisho wa baraza. Hakuna nyumba inayokula chumvi kiasi kile. Juzi akanisogelea na kuniuliza, "Mwalimu, hizi barua zenu zinafika hata kwa mtu ambaye hujui alipo?"

Ndipo akanieleza. Mwanawe wa kwanza, Yunusi, aliondoka mwaka wa njaa baada ya wao wawili kukosana. Mara ya mwisho alisikika yuko shamba la mkonge upande wa Korogwe. Nilimjibu kwamba sijui kama itafika, ila ninachojua ni kwamba mwandishi wangu bora kuliko wote yuko shambani anafukuza nyani. Alicheka, Goreti. Kesho yake Zaina alikuwa darasani, ameketi mbele kabisa.

Barua aliyomwandikia kaka yake ni hii. Itie posta. Anwani ya kurudishia tumeweka yako ya hospitali, maana huku kwetu posta hakuna.

Mjomba wako mwenye furaha,
Agapiti

*

Nachingwea,
17 Juni 1951

Shikamoo mjomba,

Mimi mzima. Wewe nakuombea uwe umekaa unaposoma hii.

Barua ya Zaina imerudi. Haikufunguliwa. Anwani imekatwa kwa penseli nyekundu, na juu yake pameandikwa kitu kingine kilicholowa mvua, hakisomeki. Nilikaa nayo kwa muda nikiogopa kukutumia.

Mwambie mzee Kaimu taratibu.

Mpwa wako,
Goreti

*

Ruangwa,
8 Julai 1951

Mpwa wangu,

Salamu kwanza, kisha keti na wewe.

Nilimpa mzee Kaimu ile barua barazani, mbele ya binti yake. Aliipokea kwa mikono miwili, akaigeuza, akasema ahsante, akataka kuondoka. Zaina akamwomba amwachie kidogo. Akachukua barua na kile kioo cha kukuzia, akatoka navyo kwenye jua. Tuliona mdomo unamcheza tu. Halafu akasema, "Mwalimu, imekwenda mbali kuliko tulivyoituma."

Alikuwa anasoma mihuri. Wa Nachingwea tuliujua. Ulikuwapo wa Korogwe na wa Tanga, na nyuma kabisa kwenye pembe ulikuwapo mmoja hafifu uliofifia nusu. Akausoma herufi moja moja, W, E, T, E. Bashiri akaacha kupima sukari. Wete ni Pemba, akasema, kwenye karafuu. Kijana atakuwa amehama mkonge na kwenda kuchuma karafuu, na mtu wa kule kwenye mkonge anayemjua ndiye aliyeisukuma barua mbele.

Mzee Kaimu hajui kusoma, lakini alitaka kuuona ule muhuri. Alichukua kioo akautazama. Akasema, "Mtu hafuatwi mbali hivi kama amekufa."

Tumeandika tena. Safari hii hatukumwandikia Yunusi, tumewaandikia watoto wa shule huko Wete. Tumewaomba wamtafute, na tumewaalika waanzishe klabu kama yetu. Kila mtoto wa hapa ametoa stempu anayoipenda iwe zawadi kwao. Tadeo alitoa Australia yake na kwenda kukaa peke yake nyuma ya duka. Tulipofika mahali pa kueleza mtu wetu anafananaje, mzee Kaimu akatamka mwenyewe: mrefu, mbishi, na akiimba anakosea sauti. Zaina akaandika vilevile.

Usicheleweshe hata siku.

Mjomba wako,
Agapiti

*

Ruangwa,
23 Desemba 1951

Mpwa wangu,

Heri ya Noeli. Sote wazima, mama yako amekushonea gauni na anasema ukinenepa shauri yako.

Kutoka Wete kimya. Klabu yenyewe imejaa, tumeongeza mikeka. Mwana wa bibi Mwamina amejibu, na ana mtoto ambaye bibi hakuwa na habari zake. Kizee kimemtangaza mpaka Kiegei. Lakini Zaina, lori la barua likipita, hainui kichwa tena. Anaandika barua za wengine. Mzee Kaimu huja siku za klabu na kikapu cha mihogo ya kuchoma kwa watoto wote, hukaa, kisha huondoka.

Niombee nipate la kuwaambia.

Mjomba wako,
Agapiti

*

Nachingwea,
20 Januari 1952

Shikamoo mjomba,

Ninaandika huku nimesimama, lori linapakia na mwenye kuichukua barua hii amekataa hata chai.

Jana nilikuwa nafunga kidonda, nikaambiwa nje kuna mtu. Nilimkuta mwanamume mrefu, mvua imemlowesha mpaka viatuni, ameshika karatasi yenye anwani yangu kwa mwandiko wa Zaina. Nilimwuliza jina. Akasema, "Naitwa Yunusi Kaimu. Watoto wameniteremsha mkarafuuni."

Alinieleza yote usiku tukiwa tunakausha nguo zake. Watoto wa Wete walikwenda kambi hadi kambi za wachuma karafuu wakiuliza mtu wa Ruangwa. Yeye aliposikia anatafutwa alidhani ni mambo ya kodi, akapanda juu ya mti akatulia. Wakamwona miguu. Wakasimama chini na kumsomea barua kwa sauti, na walipofika pale pa kuimba akajua hakuna karani duniani anayeweza kulitunga hilo. Akashuka.

Hakuwahi kuleta salamu kwa sababu hajui kuandika, na aliona haya kumpa mtu mwingine maneno ya kumwomba baba radhi. Watoto wale walitaka wamwandikie jibu. Alinunua bahasha na stempu, wakamwuliza waanzeje, akashindwa. Akaona ni rahisi kupanda meli kuliko kuanza barua. Bahasha yake ndiyo hii uliyoifungua. Ndiyo maana ina stempu ya Sultani na haina muhuri wa posta hata mmoja. Mfukoni ana stempu nyingine, zawadi kutoka Wete, na ujumbe kwamba wanataka za wanyama.

Ameniuliza kama baba yake bado anaona vizuri, na Zaina amekuwa mrefu kiasi gani. Kisha akaniuliza kama atapokewa. Nilimwambia siwezi kumsemea mzee Kaimu, ila yale maneno aliyosomewa chini ya mkarafuu yametoka kinywani mwake.

Lori litamfikisha mtoni, maji yamejaa. Kutoka hapo atakuja kwa miguu. Nadhani sasa yuko mbele yako anajifanya anatazama kuku. Mjomba, usianze na ramani. Mpe maji, apumzike kidogo, kisha mwongoze mpaka uwanjani kwao. Usitangulize mtoto wa kupeleka habari. Na wewe ukifika pale simama nyuma, mwache apige hodi mwenyewe.

Mpwa wako,
Goreti