Wachezaji wa Ndani ya Boksi

Chamwino

Mdogo wangu Anyesi,

Pokea salamu za kaka yako. Mimi mzima, macho tu ndiyo yanazikataa herufi ndogo. Mgongo wako vipi, na mvua za Kibakwe zimeanza? Miaka yote hii niko huku, lakini wingu likitanda bado nageukia upande wa milima yenu.

Nakuandikia habari za mwanao Meshack, anayetarajia kuoa baada ya mavuno. Niliporudi kutoka kutibiwa macho mjini nilimkuta amebadilika. Kutwa ameinamia simu, anacheza gemu la mpira. Sikuona ubaya, heri hilo kuliko pombe. Ila kila nikimkaribia aliigeuza simu kifudifudi, na hapo nikaanza kumtilia shaka.

Nilimbana. Akasema timu yake inahitaji wachezaji wakali, nao huuzwa ndani ya maboksi: unalipa kwanza kwa simu, ndipo unafungua uone umepata nani. Mara nyingi unapata wa kukaa benchi. Nikamwuliza ni mnada gani wa Ugogo ambako mtu hununua ng'ombe aliyefichwa kwenye gunia. Akacheka, ati mjomba, hii si kamari, ni mpira tu. Mimi sikucheka.

Nikamwita mchumba wake, Devota, maana naye hucheza. Akasema hajawahi kununua hata boksi moja; timu yake ameijenga polepole kwa kucheza, na bado humfunga Meshack, ambaye akifungwa tu hukimbilia kununua. Akamnyang'anya simu mbele yangu, akaiondoa namba ya malipo kwenye gemu. Akamwambia wenzao wameshakubaliana: mwenye timu ya kununua atacheza peke yake.

Sasa keti kwanza, Anyesi. Mtamba uliyenikabidhi nimchunge, yule wa mahari, hayupo zizini. Meshack alisema aliumwa na nyoka nilipokuwa hospitali, akanipa ngozi nikutumie iwe ushahidi, kama desturi yetu. Niliipapasa paja kwa paja, haina chapa yetu. Nilipombana akakiri aliinunua kwa mwenye bucha. Mtamba alimuuza mnadani, fedha zikaishia kwenye maboksi. Amenisihi nikuandikie habari ya nyoka.

Devota hajui. Nimempa Meshack hadi Jumapili amweleze mwenyewe. Akisitasita nitakwenda mimi.

Ngozi situmi. Ningeituma, ungeiamini kwa kuwa imetoka kwangu.

Msalimie shemeji Sila na wote wa nyumbani. Mungu awe nanyi.

Kaka yako,
Bartolomayo