Shahidi ni Mama Mkwe

Jumatatu, 10 Februari 2025

Wiki ya tatu kama mkalimani wa Kiteso hapa korti ya Busia. Kiapo ni kimoja: nitafsiri kinachosemwa, nisiongeze, nisipunguze. Mimi Among, na huu mdomo wangu! Mama yangu huko Malaba aliposikia alicheka mpaka akakohoa.

Leo kesi ya ng'ombe. Emong, tanboi, yaani utingo wa lori, anashtakiwa kuiba fahali wa mama mkwe wake, mjane anaitwa Ajiko. Akipatikana na hatia ni miaka mingi ndani, na ana watoto watatu. Amekana. Hakimu akamsomea haki zake, mimi natafsiri: kunyamaza ni haki yako, wakili ni haki yako, kuhoji kila shahidi ni haki yako. Zote hizo kwa mtu wa kandambili! Emong akauliza kama mimi nitamdai kitu. Hakimu akasema hapana, hata mkalimani ni haki yake. Yaani mimi — haki ya mtu!

Jumanne, 11 Februari

Wacha tu. Leo sikula.

Mama Ajiko alitoa ushahidi akimpa Emong mgongo, leso imeshuka mpaka puani. Kwamba alfajiri alikutana na mwizi uso kwa uso mlangoni pa zizi, amevaa koti la rifleta, lile la kung'aa gizani, na ni Emong. Hakimu akamwambia Emong aulize maswali. Emong akaangalia sakafu. Hana swali. Akaulizwa tena. Hana. Prosekuta, mwendesha mashtaka, akafunga faili.

Kwetu mkwe na mama mkwe hawatazamani, hawaongei. Miaka tisa Emong ameoa binti yake, na Mama Ajiko akisikia mkwe yuko getini anajificha jikoni. Sasa huo uso aliujulia wapi? Swali ni hilo tu, na mwenye kuliuliza ndiye asiyeweza! Heshima itampeleka jela. Hakimu ni Mtaita, si wa kwetu, angejuaje? Na mimi nimeapa. Niliuma ulimi mpaka ukaniuma kweli.

Halafu hakimu akavua miwani. Akamuuliza Emong, kwa upole kabisa, kwa nini anakataa kujitetea. Emong akaninong'oneza. Nikatafsiri kila neno: "Huyu ni mama mkwe wangu, mheshimiwa. Afadhali nifungwe kuliko kumkabili."

Hakimu akaandika, akaandika. Kisha akasema haki ambayo mtu hawezi kuitumia haimsaidii kitu, na kwamba serikali imtafutie wakili wa kumuulizia. Kesi tarehe ishirini na sita, mama arudi. Korti nzima, na ngao ya taifa ukutani, imesimama kwa sababu ya aibu ya tanboi mmoja! Sijawahi kuona.

Jumatano, 26 Februari

Naandika kwenye benchi nje. Prosekuta ameomba dakika kumi.

Wakili amekuja, msichana mdogo tu, Emmaculate Ojiambo, viatu vimejaa matope ya Budalang'i. Swali la kwanza: tangu Emong amuoe binti yako, umewahi kumwona usoni? Mama akatikisa kichwa. Hapana, ni mwiko. Ulimjuaje basi? Kwa koti. Yeye huona mgongo tu Emong akienda zake, mgongo na koti la rifleta. Jamani, nusu ya Malaba inavaa hilo koti!

Na mwizi, alikuwa na uso gani? Kovu, mama akasema, kutoka jichoni mpaka kidevuni. Hilo hatalisahau.

Wakili akaomba mama amtazame mshtakiwa. Mama akaanza kutetemeka. Hakimu akainua mkono: hatalazimishwa kugeuka, apewe maji. Hata yeye ana haki! Sheria ina mahali pa wote wawili.

Akanywa. Kisha akaniuliza mimi, polepole, kwa Kiteso, kama mtu anavyomuuliza binti yake. Emong yuko hatua mbili kutoka kwangu. Mashavu yake nayaona, hayana hata mkwaruzo. Jibu lilikuwa kwenye ulimi wangu! Nikalimeza. Nikamgeukia hakimu:

"Shahidi anauliza, huyu mkwe wake ana kovu?"

Emong aliinua uso. Korti nzima ikageuka kumtazama. Mama Ajiko peke yake hakugeuka, alikuwa ananitazama mimi mdomoni, akingoja jibu. Hapo ndipo prosekuta aliposimama kuomba dakika kumi.

Wanatuita ndani.